Viagizo vya Watani

Kicheko chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha pua tu, cha mtu mstaarabu aliyeshtukizwa, na kilikatwa kabla hakijakomaa. Lakini Otmar Mbawala alikisikia, na masikio yake yakawaka moto hadi shingoni.

Walikuwa watatu katika chumba cha mtambo: yeye, mkuu wake Mama Radegunda Gama, na Injinia Zuhura Makame, mgeni aliyeletwa kutoka Duniani kuikagua Hifadhi kabla haijahamishiwa kwenye mtambo mpya. Hifadhi ndiyo iliyokumbuka kila kitu cha mji wa Kisimani: hewa ya kila nyumba, maji ya kila bomba, milango, taa, mgao wa chakula. Bila Hifadhi, Kisimani lilikuwa shimo tu la barafu kwenye ncha ya kusini ya Mwezi, lenye watu waliojitia kuishi mahali ambapo Mungu hakuweka pumzi.

Ukutani yalimulika majina ya viagizo, vile vipande vidogo vya maagizo ambavyo watu wenyewe walikuwa wameviandika ndani ya Hifadhi tangu mji uchimbwe. Zuhura alikuwa akiyasoma, kidole kikishuka taratibu.

"'Gaudensia Mchoyo wa Chumvi.' 'Mgimwa Anakoroma Kama Winchi.' 'Otmar Analia Tena.'"

Hapo ndipo alipocheka. Kisha akamtazama kijana aliyesimama kando yake, akasoma jina lililoshonwa kifuani mwake.

"Samahani," alisema. "Hiki kinafanya nini?"

Mama Radegunda ndiye aliyejibu, akitabasamu, bila kujua alikuwa anachoma mtu. "Mlango wake usipofunguka siku mbili, Hifadhi inawatangazia majirani kwamba Otmar amejifungia analia, wampelekee uji. Alikiandika Fortunata Nyenza, mtani wake, mwaka ule baba yake alipofariki. Na uji ulipelekwa. Mimi mwenyewe nilipeleka."

"Na mwenyewe hawezi kukifuta?"

"Hapa mtu haiandikii nyumba yake, wala hafuti. Anaandikiwa na mtani wake. Mwaka wa kwanza kuna mchimbaji alichoshwa na king'ora cha hewa, akakiandikia kinyamaze ili alale. Akalala moja kwa moja. Wazee wakakaa, wakaona mtu wa kwanza anayedanganywa na mtu ni yeye mwenyewe. Ndugu yako ataona haya kukuambia ukweli. Mkeo mtagombana. Akabaki mtani."

Wengi wa waliokichimba Kisimani walikuwa Wangoni na Wahehe, watu ambao mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabakiza utani. Mngoni aliweza kumnyang'anya Mhehe kofia mbele ya wakwe, Mhehe akamwita Mngoni mwizi wa ng'ombe kanisani, na hakuna aliyeruhusiwa kukunja uso. Kwa hiyo ufunguo wa nyumba ya Mngoni ulikaa kwa Mhehe, na wa Mhehe kwa Mngoni, na mji ukapumua hivyo miaka yote.

"Ni jambo zuri," Zuhura alisema, na ilionekana anamaanisha. "Ila mtambo mpya hautavipokea hivi hivi. Vingine havijaguswa miaka mingi. Itabidi mvichuje."

"Ni takataka," Otmar alisema. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Wewe maliza ukaguzi wako, Injinia. Utakuta nimeshafagia."

*

"Uende nyumba kwa nyumba," Mama Radegunda alimwambia Otmar, mgeni alipokwisha kutoka. "Ukae, unywe chai, uwaweke wawili pamoja. Umuulize mwandishi: hiki ulichomwandikia mwenzako, bado kina kazi? Kinachofaa kibaki. Kisichofaa kifutwe wote wakiona."

"Mama, hiyo ni kazi ya miezi."

"Basi ni kazi ya miezi. Kwani Zuhura ana basi la kuwahi?"

Otmar aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna aliyeijua Hifadhi kama yeye. Hilo alilijua, na alipenda wengine nao walijue. Mchana, wenzake walipokwenda kula, alibaki peke yake mbele ya ukuta ule wa majina.

Kufuta kiagizo kimoja ni kazi ya neno moja. "Otmar Analia Tena" kingetoweka kabla hajameza mate. Lakini kesho yake Fortunata angeuliza kiko wapi, na mji mzima ungejua kwamba Otmar, mtoto wa Ambrosi, amekasirishwa na utani. Hakuna Mngoni aliyewahi kuinua uso baada ya jambo kama hilo. Wangemwimba mpaka wajukuu. Lakini kikipotea pamoja na vingine vyote, nani angeuliza kwa nini hicho kimoja kimepotea?

Wazo lilikuja tamu, kama yanavyokuja mawazo mabaya.

Hakuhitaji kuandika majina. Aliiuliza Hifadhi swali moja: nitajie kila kiagizo kilichoandikwa na mkono wa mtu, ukiacha vile vilivyozaliwa na mtambo. Majina yakamwagika. Kisha akaiambia iweke neno "futa" mbele ya kila jina, na majina yale yakageuka jeshi la amri, kila kiagizo na amri yake, zilizoandikwa na Hifadhi yenyewe dhidi yake yenyewe. Otmar aliitazama kazi hiyo kwa fahari, kama mtu anayetazama ubeti uliokaa mizani.

Alipoziachia, amri zilikimbia kidogo, zikagoma. Maneno mekundu yakatokea: kiagizo "Severin Alikimbia Vita" hakifutiki, viko viagizo vingine vya nyumba ya Nyenza vinavyokitegemea.

Mkono ule aliujua. Kiagizo hicho alikiandika baba yake, kwa ajili ya Mzee Severin Nyenza, baba yake Fortunata, mtani aliyegombana naye maisha yote. Kila Severin alipoingia nyumbani, mlango ulimuuliza kwa sauti ya Ambrosi, "Umekimbia tena?" Otmar alikuwa akiusikia ng'ambo ya ukuta tangu anatambaa. Alidhani hiyo ndiyo kazi yake yote.

Angeweza kukifungua akakisoma. Kilikuwa pale, chini ya kidole. Hakukifungua. Ndani mlikuwa na maneno ya baba yake, na alijua akiyasoma machozi yatamtoka. Na ukutani palikuwa tayari na jina linalosema kwamba analia.

Hifadhi ilikuwa na neno la kuvunja ukaidi wa namna ile. Ukilitia mwishoni mwa amri, kiagizo kinaondoka pamoja na kila kinachokitegemea, na kila kinachotegemea hivyo, na Hifadhi haiulizi tena. Mafundi waliliita neno hilo "na wanawe". Mama Radegunda alikuwa amewahi kumwambia kwamba katika utumishi wake wote amelitumia mara chache sana, na kila mara alikwenda kwanza kunawa uso.

Otmar aliliongeza mwishoni mwa kila amri. Akabonyeza.

Majina yalianza kuzimika ukutani, juu kwenda chini. Wa chumvi alizimika. Anayekoroma alizimika. Alisubiri la kwake, akaliona likizimika, na kwa kitambo alijisikia msafi. Kisha ukuta ukawa mweupe mtupu, na chumba kikawa na ukimya ambao hakuutambua.

Kwa watu alitoa tangazo: viagizo vimepumzishwa mpaka uhamisho uishe, tuvumiliane. Kwa mkuu wake alisema kingine.

"Uliwauliza wenyewe?" Mama Radegunda alisema.

"Niliwauliza."

"Wote? Upesi hivi?"

"Wote walikubali, mama."

Alimtazama kidogo, akaguna, akaamini.

*

Usiku huo alilala usingizi mnono. Asubuhi aliamka kichwa chepesi, kifua kipana, kama aliyebadilishiwa mapafu. Siku iliyofuata vilevile. Akadhani ni raha ya kazi iliyokwisha vizuri. Zuhura naye alimpamba mbele ya watu. "Hifadhi inapumua," alisema. "Sijawahi kuona usafi kama huu."

Alimkuta Fortunata kwenye Bustani, pango refu lenye taa za kukuzia mimea ambako mji ulipata mboga na ambako pia ulizika wafu wake, kwa sababu udongo wa kweli ulikuwepo hapo tu. Fortunata ndiye msimamizi. Alikuwa anachambua maharage pamoja na baba yake, Mzee Severin, mzee mrefu aliyekausha mapafu yake kwa vumbi la kuchimba.

"Karibu, Mngoni," Fortunata alisema bila kuinua kichwa. "Leo hujalia?"

"Nalia nikikumbuka jinsi babu zangu walivyowahurumia babu zenu."

Mzee Severin alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, kikamkunja, kikamwachia kwa shida. Alijifuta mdomo.

"Waliwahurumia! Walikuwa hoi, hawawezi hata kuinua ngao. Kaa, mtoto wa Ambrosi, uchambue maharage, maana kwenu kula mnajua."

Otmar akakaa.

"Mzee, kikohozi hicho hawakukupa nyongeza ya hewa zahanati?"

"Wanampa kila siku," Fortunata alisema. "Anakataa kila siku."

"Nyongeza inatoka kwenye mgao wa wengine," Severin alisema. "Nimnyime mtoto mchanga hewa ili nikorome? Mbona nalala vizuri. Mchana nikijinyoosha kidogo naamka kijana." Akasita, akageuza punje ya harage mkononi. "Nilikuwa nalala vizuri. Siku hizi mbili tatu sijui. Ila kinachonikera ni mlango. Umekuwa bubu. Juzi nimeingia, kimya. Nikatoka nje, nikaingia tena, labda hakuniona."

Fortunata alicheka. Baba yake hakucheka.

"Utarudi, mzee," Otmar alisema. "Ni uhamisho tu."

"Lini?"

"Karibuni."

"Basi nirudishie mapema. Ambrosi tumegombana miaka arobaini. Sijazoea anishinde kwa kunyamaza."

Otmar alichambua maharage yasiyohitaji kuchambuliwa. Nakala ya Hifadhi ya zamani ilikuwepo, imefungiwa, ufunguo shingoni kwa Mama Radegunda. Kurudisha kila kitu ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Kilichotakiwa ni kwenda kusema: mama, nilikudanganya, sikumuuliza mtu, nilifuta vyote na wanawe kwa sababu mgeni alinicheka.

Alikwenda. Alifika mpaka mlangoni pake, akabisha. Ndani alimkuta anakunywa chai na Zuhura.

"Tulikuwa tunakutaja wewe," Zuhura alisema. "Nimemwambia mama, mtambo mpya ukiwashwa, mkuu wa Hifadhi awe huyu kijana."

Mama Radegunda alikuwa akimtazama kwa uso wa mzazi. "Ulikuwa na shida, mwanangu?"

"Hapana, mama," Otmar alisema. "Nilipita kusalimia."

*

Severin alilala mchana wa keshokutwa yake, akajinyoosha kidogo kama kawaida, na hakuamka kijana wala mzee. Fortunata alimkuta aliporudi kumwita chakula.

Otmar alifika zahanati akihema. Mganga, mwanamke wa makamo aliyemhudumia Severin miaka mingi, alikuwa amekaa kwenye stuli na mikono mapajani.

"Kinachonishangaza si kifo," alimwambia Fortunata. "Kwa mapafu yale, kinachonishangaza ni kwamba alikuwa akiamka. Mtu wa namna ile akilala bila nyongeza, hewa ya kawaida haimtoshi. Nilidhani mwishowe alikubali, akawa anaipata kimyakimya."

"Hakukubali," Fortunata alisema. "Baba alikufa amekataa."

"Basi kuna mtu aliyekuwa akimpa."

Otmar aliegemea ukuta. Alikumbuka kichwa chake chepesi cha asubuhi. Kifua kile kipana. Usingizi ule mnono aliouita raha ya kazi.

Hakuhitaji tena kukifungua kiagizo kile ili akisome. Baba yake alijua Severin hatapokea hewa ya mtoto wa mtu. Kwa hiyo akawa anampa ya kwake: kila mzee yule alipolala, kiagizo kilipunguza kidogo nyumba ya Mbawala na kuongeza kidogo nyumba ya Nyenza, na juu yake kikatiwa matusi ili yeyote atakayekiona acheke na kupita. Ambrosi alikufa, kiagizo hakikufa. Nyumba ile ya Mbawala ikawa ya Otmar, na Otmar akawa anamlisha pumzi mtani wa baba yake bila kujua, mwaka hadi mwaka. Mpaka alipoirudisha yote kwake, akailala, akaamka akijisifu.

Fortunata alimgeukia. Macho yalikuwa makavu, mekundu.

"Wewe ndiye wa karibu," alisema. "Baba yako angekuwepo angechimba yeye. Utachimba wewe."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mhehe anazikwa na watani wake. Ndugu wanakaa na kulia. Mtani ndiye anayechimba, anayelala kaburini kupima kama linamtosha marehemu, anayekataa kutoka mpaka apewe kitu, anayemsema maiti kwa kila alilolifanya, ili waliofiwa wapate mahali pa kucheka. Otmar alikuwa amemwona baba yake akifanya hivyo mara nyingi, na watu wakishika mbavu huku machozi yanawatiririka.

"Nitachimba," alisema.

*

Alichimba mwenyewe, akawakatalia wenzake koleo. Udongo wa Bustani ulikuwa mweusi na laini. Watu walijaa kati ya matuta ya maharage. Mama Radegunda alikuwepo, na Zuhura pembeni, hajui mikono aiweke wapi.

Shimo lilipotosha, Otmar alijilaza humo chali. Taa za kukuzia mimea zilimpiga usoni. Juu, vichwa vya watu vilizunguka ukingo, na tayari nyuso za Wahehe zilikuwa zimeanza kulegea, zikisubiri.

"Toka humo, Mngoni," mwanamke mmoja mzee alisema. "Tuna mtu wetu wa kuzika. Wewe zamu yako bado."

"Sitoki," Otmar alisema. Ndivyo inavyosemwa.

"Unataka nini?"

Hapo mtani huomba kikombe cha maji, au kuku, au dada wa marehemu. Otmar alifungua mdomo aombe maji. Yakatoka mengine.

"Mnajua aliyemuua huyu mzee? Ni mimi."

Kicheko kikapasuka. Kilikuwa kizuri, cha watu waliokuwa na kiu nacho.

"Tulijua," mtu alisema. "Hamkuweza vitani, mmesubiri azeeke."

"Nilimnyang'anya hewa," Otmar alisema. "Nimeipumua mimi. Nimelala nayo kama mtoto, yeye akikabwa upande wa pili wa ukuta."

Wakacheka zaidi. Bibi yule alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kamrithi Ambrosi huyu. Sauti ileile."

"Nilifuta viagizo vyenu vyote. Hakuna kilichopumzishwa. Sikumuuliza mtu. Nilivifuta kwa sababu kimoja kilisema nalia, na mgeni akanicheka."

Sauti ilimkatika. Alijaribu kuiokota, akashindwa, na machozi yakamshuka masikioni, maana alikuwa amelala chali.

"Otmar analia tena," mtoto wa Mgimwa akapaza sauti, na Bustani nzima ikaangua kicheko ambacho Kisimani hakikuwa kimekisikia tangu milango iwe bubu. Walishikana mabega. Walimcheka kwa upendo, na kila kicheko kilimshindilia chini kama koleo la udongo, kwa sababu alielewa sasa: amejichagulia mahali pekee mjini ambapo mtu anaweza kusema kweli yote na asisadikiwe hata neno. Na moyoni, mahali padogo pachafu, kitu kilimwambia kwamba inatosha. Amesema. Wamesikia. Aombe maji yake atoke.

Kisha akawaona wawili wasiocheka. Mama Radegunda alikuwa ameshika ufunguo wa shingoni mwake, midomo imefungana. Na Fortunata alikuwa amepiga magoti ukingoni.

Alimpa mkono. Otmar akaushika, akavutwa juu, akasimama mbele yake ameloa udongo mgongo mzima. Fortunata hakuuachia mkono.

"Umetoka kaburini," alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia maharage. "Hapa juu utani umekwisha. Sema tena."

Walio karibu walinyamaza. Walio mbali walicheka kidogo zaidi, wakatazamana, wakaacha.

Otmar alitema udongo. Alianza upya, polepole, tangu kicheko kile cha pua ndani ya chumba cha mtambo. Alimtaja Zuhura, akataja jina la kiagizo, akataja neno "na wanawe", akataja mlango wa Mama Radegunda aliobisha na kusalimia. Alipofika kwenye hewa, palisikika tu mashine za Bustani zikiivuta na kuitoa, na mkono wa Fortunata ulikuwa umeshauacha wa kwake.